Namalwa Aliyeacha Gazeti Akawafuata Wasomaji: Historia ya Maisha ya Immaculate Namalwa Ouko, 1961–2009

Padri wetu, wazee mliosafiri kutoka Nyakach na Kimilili, majirani wa Kitengela, na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 23 Mei 2009, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtusikilize kwa muda mfupi tukiwaeleza mwendo wa huyu mama tuliyekuja kumsindikiza, kwa sababu wengi wenu mlimjua kwa upande mmoja tu, wengine kama mwandishi, wengine kama mkurugenzi, na wengine kama jirani aliyekuwa akipanga foleni ya maji pamoja nanyi.

Immaculate Namalwa alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 15 Machi 1961, nyumbani kwa wazazi wake huko Kamukuywa, karibu na Kimilili, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Romano Makokha, aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa, na mama Sabina Nekesa, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alianza shule ya msingi hapo Kamukuywa mwaka wa 1968, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1974, akaingia shule ya upili ya bweni, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1978 na kidato cha sita mwaka wa 1980, na walimu wake waliandika kwenye ripoti, ambayo mama Sabina ameihifadhi mpaka leo, kwamba msichana huyu anauliza maswali mengi kuliko muda wa kipindi unavyoruhusu. Kuanzia mwaka wa 1981 hadi 1983 alisomea stashahada ya uandishi wa habari jijini Nairobi, na mnamo Februari 1984 akaajiriwa na gazeti moja la kila siku, akapewa dawati la habari za mahakama, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na mwanamke mwingine.

Ni katika kazi hiyo ya mahakama alipokutana na mwalimu Morgan Ouko, aliyefika kortini kutoa ushahidi wa ajali ya barabarani, na ambaye jina lake gazeti lililiandika vibaya kesho yake, naye mwalimu akapanda ngazi mpaka chumba cha habari kulalamika, akaombwa msamaha, akarudi tena wiki iliyofuata bila malalamiko yoyote. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987, na Mungu akawajalia watoto wawili, Brigid Amondi aliyezaliwa mwaka wa 1989 na Cornel Odera aliyezaliwa mwaka wa 1993. Februari 1994, mwalimu Ouko alipohamishiwa shule ya upili upande wa Kajiado, walikodisha nyumba ya vyumba viwili hapa Kitengela, wakati mji ulipokuwa bado vumbi jeupe na mikokoteni ya punda ya kuuza maji, na mama akawa akienda Nairobi kila asubuhi na kurudi jioni, akiandika sasa habari za afya na mazingira.

Jirani yao wa kwanza hapa alikuwa mzee Muhumed Daud, mfanyabiashara wa mbuzi na mwenye duka, na urafiki wa nyumba hizo mbili ulikuwa wa kubeba watoto wa mwenzako hospitalini bila kuulizwa. Wakati wa mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 1997, ng'ombe na mbuzi walianza kutupa mimba na watu kufa kwa homa iliyowatoa damu, na mama Immaculate alizungumza na madaktari wa mifugo, akaandika makala ya kuonya watu wasichinje wala kugusa mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu. Makala hayo yalichapishwa tarehe 8 Januari 1998, kwa Kiingereza, ukurasa wa kumi na nne. Tarehe 17 Januari, Zakariye, mdogo wake Muhumed, aliyekuwa akinunua mbuzi huko Oltepesi kwenye barabara ya Magadi, alifariki kwa homa hiyo baada ya kuchinja mbuzi waliokuwa wamedhoofika.

Mama alipokwenda kutoa pole, Muhumed alimpa karatasi ya gazeti iliyokunjwa, yenye makala yake, ambayo ilikuwa imefika dukani ikiwa imefungia misumari.

"Mama Amondi, hii maneno uliandika lini?"

Akamwambia ilikuwa siku tisa kabla ya kifo hicho.

"Siku tisa," Muhumed akasema. "Na mimi nimesoma leo, tena ni mtoto wangu amenisomea."

Hakusema kwa hasira, na mama mwenyewe alieleza baadaye kwamba afadhali angekasirika, maana kwa miaka kumi na minne alikuwa ameamini kwamba habari ikishachapishwa kazi yake imekwisha, na sasa alikuwa amekaa kwenye jamvi la msiba akijua kwamba habari sahihi, iliyothibitishwa, yenye jina lake juu, haikuwa imemfaa mtu aliyeishi hatua thelathini kutoka mlango wake.

Mwaka wa 1999 alihudhuria mafunzo ya wiki sita kuhusu mtandao wa intaneti, akiwa na miaka thelathini na minane, darasani na vijana waliomwita anti, na tarehe 31 Machi 2000 akaacha kazi. Mhariri wake, bwana Githinji, ambaye tunamshukuru kwa kuwa hapa, alimwita ofisini akamwambia, "Immaculate, hao watu wa Kajiado hawana hata stima, hiyo kompyuta watasomea wapi?" naye akajibu kwamba hajui, lakini anakwenda kuwauliza. Bwana Githinji amekiri kwa familia kwamba alimwekea nafasi yake wazi kwa miezi mitatu, akiwa na hakika kwamba angerudi.

Alianzia kwenye chumba cha nyuma cha duka la Muhumed, kwa kompyuta moja na laini moja ya simu, akafungua tovuti aliyoiita Ilomon, neno la Kimaa la habari, akiandika juu ya malisho, maji, magonjwa na masoko kuanzia Loitokitok hadi Magadi. Hatutawaficha kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa wa kushindwa, kwa kuwa barua alizopokea zilitoka kwa wanafunzi walioko ng'ambo, na mfugaji hata mmoja hakuwa ameisoma. Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni mzee Lesiamon, afisa wa mifugo mstaafu wa Kajiado, ambaye alianza kuchukua kurasa zilizochapwa na kuzisoma kwa Kimaa sokoni siku ya mnada, akisimama juu ya debe, na watu wakaanza kumwuliza maswali ambayo mama alilazimika kuyatafutia majibu. Mwaka wa 2002 Ilomon ilisajiliwa kuwa shirika lisilo la serikali, mama akawa mkurugenzi wake na Muhumed akaingia katika bodi, na simu za mkononi zilipoenea, kuanzia mwaka wa 2003, habari zikawa zinatumwa kwa ujumbe mfupi katika Kimaa, Kisomali na Kiswahili, na mwenye simu mmoja aliwasomea wenzake wa boma zima.

Uongozi haukumjia kwa urahisi, na mwalimu Ouko ameomba tuliseme hili, kwamba mara nyingi wakiwa mezani mama alilalamika, "Siku hizi naandika ripoti ya wafadhili, siandiki habari," na kwamba kuajiri watu kumi na wanne, kuwatetea, kuwakosoa na wakati mwingine kuwaachisha kazi, kulimchosha kuliko kukimbizana na habari, lakini alibaki kwa sababu alisema mwandishi anaweza kuiona shida akaondoka, na yeye alikuwa tayari ameondoka mara nyingi.

Tarehe 22 Desemba 2006, siku ya Ijumaa, mvua kubwa ikiwa imenyesha tena, mzee Lesiamon alipiga simu kutoka barabara ya Magadi akasema mbuzi wanatupa mimba na wachungaji wawili wamelazwa wakitoka damu. Majibu ya maabara yangechukua wiki kadhaa, Krismasi ilikuwa siku tatu mbele, na Idd ya kuchinja ilikuwa baada ya siku nane, wakati ambao wafanyabiashara wa hapa walikuwa wakiungoja mwaka mzima. Mama akaanza kuandaa onyo, na Jumamosi asubuhi wafanyabiashara hao walikuja ofisini, na msemaji wao alikuwa Muhumed.

"Mama Amondi, ngoja tu Idd ipite. Kama ni ile ugonjwa, serikali itasema. Kama si hiyo, utakuwa umetumaliza bure."

"Na kama ndiyo?"

Muhumed akasema, "Mimi najua kama ndiyo. Usinikumbushe. Lakini hawa wote wako na watoto."

Mama hakudai kuwa na hakika, aliwaambia tu kwamba ujumbe utasema wazi kuwa ugonjwa haujathibitishwa, ila hautangoja. Mtafsiri wa Kisomali alikuwa Hibaq, binti wa Muhumed, aliyekuwa ameketi kwenye meza yake huku baba yake akiwa wima mbele yake, na mama alimwendea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka aende nyumbani, atafutwe mtu mwingine, na hakuna atakayemlaumu. Hibaq akasema, "Zakariye alikuwa anko yangu. Nitaandika." Ujumbe ulitoka saa tisa alasiri, na Muhumed akajiuzulu bodi siku hiyo hiyo.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, kwa kuwa soko lilikauka, mama aliitwa mwongo katika mji alioupenda, mfadhili mmoja aliandika kutaka maelezo, na Hibaq alikwenda kuishi kwa shangazi yake. Majibu ya maabara yalipofika katikati ya Januari 2007, yalithibitisha kwamba ilikuwa homa ile ile, na wafanyakazi walitaka kuandika katika ripoti ya mwaka kwamba shirika liliokoa maisha ya watu, lakini mama alikifuta kifungu hicho kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Nani, na tunajuaje?" Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu Muhumed hakukanyaga mlango wake, na mama alipoulizwa kama majibu yale hayakumpa furaha ya kushinda, alisema amempoteza rafiki na hajui ameshinda nini.

Agosti 2008 mama aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akaanza matibabu Nairobi, na jioni moja ya Septemba Muhumed aligonga mlango akiwa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akasema, "Nimesikia uko mgonjwa, na mimi niko na miguu," wakakaa wakanywa chai, na mwalimu Ouko anasema hawakuzungumza habari za soko hata kidogo, walizungumza juu ya watoto. Tangu siku hiyo alikuja kila Ijumaa baada ya swala. Tarehe 1 Februari 2009 mama alikabidhi uongozi wa Ilomon kwa Hibaq, na babake alihudhuria, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Tarehe 14 Mei 2009, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mama alifariki nyumbani kwake hapa Kitengela, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa kando yake, na kwa idhini ya wazee wa Nyakach, kwao mwalimu Ouko, ambao tunaheshimu uamuzi wao, atazikwa leo katika shamba lake na mumewe huko Isinya, kama alivyoomba.

Kuna ombi jingine alilotuachia, nalo aliliandika kwa mkono wake mwezi wa Aprili. Alisema historia yake isisomwe kama ya mtu ambaye hakukosea, na kwamba jambo lifuatalo lisomwe bila kupunguzwa. Mwezi wa Agosti 2004 Ilomon ilituma habari kwamba kisima kimoja kati ya Isinya na Kajiado kilikuwa na sumu, habari iliyotoka kwa mtu mmoja tu, ambayo yeye mwenyewe aliipitisha akiwa na haraka ya kwenda mkutanoni. Kisima hakikuwa na sumu. Kwa wiki tatu akina mama walitembea mbali kutafuta maji mengine, na mmoja wao, Mbeke, alijifungua njiani kabla ya siku zake, na mtoto hakuishi. Mama alikwenda kwa Mbeke akiwa na mzee Lesiamon, akamweleza kosa lilikuwa la nani, Mbeke akamwambia aende, naye akaenda. Alirudi mwezi uliofuata, akaambiwa tena aende. Mara ya nne aliwekewa kiti. Mbeke ameomba familia iseme kwa niaba yake kwamba hakuwahi kumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuulizwa, na kwamba leo ametoka nyumbani alfajiri ili awahi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, jumuiya ndogo ndogo ya kanisa kwa sala zao, wafanyakazi wa Ilomon, waandishi wenzake wa zamani, majirani waliopika na kuteka maji wiki hii nzima, wazee wa msikiti walioleta turubai na viti, na walimu na wanafunzi wa mwalimu Ouko. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na ndugu sita, na ameacha kazi ambayo haijakamilika.

Namalwa wa Makokha, mke wa Morgan, Mama Amondi, uliuliza mpaka ukachoka, sasa nyamaza kwa utulivu, upumzike mikononi mwa Mungu, na yale maswali utuachie sisi.