Miaka Minne Nilishika Kitabu Nisichokijua

Ndugu zangu wa Nsemulwa, jina la Yesu liinuliwe! Nyie wa kule karibu na mlango sijawasikia. Liinuliwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi ni Mama Anatoli, natoka Mwamkulu. Nimekuja kwa miguu, na njiani nimegeuka mara mbili nirudi nyumbani. Mchungaji kaniwekea kiti hapa, namshukuru, lakini nitasimama. Mambo ninayoyasema hayasemeki nimekaa.

Marehemu mume wangu alikuwa msomaji. Kila asubuhi, kabla hatujashika jembe, alifungua kitabu chake cha tafakari za kila siku, somo moja kwa siku moja, akatusomea kwa sauti. Kitabu hakikuwa na jalada tena. Mwaka ukiisha alianza upya mwanzoni, kitabu kilekile. Majirani walizoea kuja na majembe yao begani, wakasikiliza, wakaomba, wakaenda zao shambani. Na mtu akipata barua, aliileta kwake. Akitaka kujibu, mume wangu alimwandikia.

Mimi nilikuwa nachochea uji huku nasikiliza. Shule sikuiona, ndugu zangu. Baba alisema mtoto wa kike anatosha kulinda mpunga usiliwe na ndege. Lakini Mungu alinipa kichwa kinachoshika. Somo nikilisikia mara tatu, limeingia. Kwa miaka ile yote kitabu chote kilikuwa kichwani mwangu, na kurasa nilizijua kwa sura: huu una doa la mafuta ya taa, huu umeliwa na panya kwenye kona, huu Anatoli aliuchana akiwa mdogo.

Mume wangu alipofariki, watu walimaliza matanga, na asubuhi iliyofuata wakaja na majembe yao. Walisimama tu uani. Bibi mmoja akasema, "Mama Anatoli, si utusomee wewe?" Nikaingia ndani, nikakichukua kitabu, nikafungua kwenye doa la mafuta ya taa. Nikasema somo lote, neno kwa neno, bila kukosea!

Wakafurahi. Wakasema, mke wa msomaji naye ni msomaji, tazama hata haangalii chini. Nami nikanyamaza. Ndugu zangu, siku ile ningeweza kusema ukweli na wangenipenda vilevile. Nilinyamaza kwa sababu sifa ni tamu, na mjane anaposifiwa anaona bado ana nafasi duniani.

Miaka minne! Nilifungua kurasa kila asubuhi mbele za Mungu na mbele za watu nikiigiza. Kisomo cha watu wazima kilipokuja kijijini, wenzangu walikwenda, mimi nikasema mimi niende kufanya nini? Nikajifungia mlango wangu mwenyewe na ufunguo nikaumeza. Na tangu hapo sikutulia. Nafagia uwanja, nafagia tena. Naweka ugali jikoni, natoka kuangalia nani anapita, ugali unaungua. Mtu akibisha hodi ameshika karatasi, natokea nyuma, nakwenda shambani.

Basi karibu na kwetu walihamia wafugaji, Wasukuma, wametoka kaskazini na ng'ombe wao. Mama wa pale tulimwita Mama Shija, kwa mtoto wake wa kwanza. Mwanamke mrefu, mcheshi, Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa fimbo lakini kinafika. Alianza kuja kwenye maombi yetu ya asubuhi. Aliniamini mno, nami nilimpenda.

Wakati wa palizi ya mahindi, mtu aliyeshuka kwenye treni alimletea barua kutoka kwa kaka yake. Akaja nayo mbio, imekunjwa mara nne, ana jasho.

"Mama Anatoli, nisomee! Tangu tuhame hawajaandika!"

Ningesema nini? Niliichukua. Nyie mnajua barua zetu zinavyoanza, zote zinaanza hivyohivyo, ni desturi. Hizo salamu nilizisikia kwa mume wangu mara mia. Nikakohoa, nikaanza: "Kwako dada mpendwa. Pokea salamu nyingi sana kutoka kwetu. Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Ama baada ya salamu..." Hapo ndipo salamu zilipoishia, na mimi bado nina karatasi nzima mkononi. Nikaendelea kwa akili yangu. Mvua imenyesha vizuri. Pamba imestawi. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Mama Shija akacheka, akapiga makofi. Halafu akauliza, "Na mayu je? Mama hawakumtaja?"

Nikaitazama karatasi. Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja, Mungu anisamehe, nikasema, "Huyu hapa. Ametajwa. Mama hajambo kabisa."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonila. Mvua na pamba ni upuuzi, lakini mama wa mtu nilimponya kwa kidole. Mama Shija alikwenda kwake anaimba, na kesho yake akaniletea kibuyu cha maziwa. Sikuweza kuyanywa, nikawapa majirani.

Nikadhani limeisha. Wapi! Kila baada ya siku chache alirudi na barua ileile. "Nisomee tena, nasikia kama wako hapa." Nami nasoma tena, na uongo hauna ukurasa. Siku moja akaniambia, "Juzi ulisema ng'ombe amezaa dume. Leo umesema jike." Nikamwambia mwandiko wa kaka yake ni mbaya. Akakubali! Nilipokwenda shambani nilipalilia mahindi badala ya majani, nikang'oa mistari miwili mizima ndipo nikashtuka. Nikapiga magoti palepale kwenye matuta, nikasema, Bwana, nitoe humu. Lakini nilitaka anitoe bila mtu yeyote kujua, na njia hiyo hakunipa.

Ikafika Kwaresma. Mwinjilisti wetu akapanga maombi ya nyumba kwa nyumba, na Jumatano ile zamu ilikuwa kwa Mama Shija. Mchana, uwanja umefagiliwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Mwinjilisti akatoa vijitabu viwili kwenye mkoba wake, vinang'aa, vinanukia wino.

"Wapendwa, Mungu ametupa tafakari mpya! Kile cha zamani tukipumzishe. Mama Anatoli, tufungulie na somo la leo."

Nikakipokea. Nikakifungua. Hakuna doa. Hakuna kona iliyoliwa. Weupe tu, na wadudu weusi wamejipanga! Nikaanza kusema somo moja la zamani, nikitumaini litapita. Mke wa mwinjilisti alikuwa ameshika kile kijitabu cha pili, anafuatilia kwa kidole. Kidole kikasimama. Akainua uso akaniangalia, akaangalia ukurasa, akaniangalia tena.

Bibi mmoja akasema, "Hiyo si ile ya mwaka jana?"

Nikasema, "Samahani wapendwa, nimesahau miwani." Sijawahi kuwa na miwani maishani mwangu! Mwinjilisti, mtu mwema, akavua yake akanipa. "Jaribu hii, mama." Nikaivaa. Sasa hata watu siwaoni, ni ukungu mtupu, na jasho linatiririka chini ya miwani ya mtu. Ndipo nikamsikia Mama Shija, mwenye nyumba, anamwambia mwenzake kwa sauti ya kujivunia, "Mngoje tu. Huyu ndiye ananisomeaga barua yangu."

Yesu akanishika hapo. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, ndugu zangu, sitawadanganya tena. Nilisikia tu kwamba nikisema uongo mwingine mmoja nitakufa nimesimama. Nikavua miwani. Nikasema, "Sijui kusoma. Sijawahi kujua. Hata herufi moja."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mimi nikawa namtazama Mama Shija.

"Mama Shija, lete ile barua. Mpe mke wa mwinjilisti aisome. Mimi nilikudanganya."

Akaingia ndani taratibu. Mke wa mwinjilisti akaikunjua, akaanza. Pokea salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Hofu na mashaka ni kwako. Mama Shija akaanza kutabasamu, akaniangalia kama anayeniambia, si ndivyo ulivyosoma? Nikatamani ardhi inimeze. Halafu ikaja: ama baada ya salamu, mama anaumwa sana, hainuki. Anakutaja wewe kila siku. Ukipata barua hii usisubiri, panda treni, njoo.

Mama Shija hakunitukana. Aliuliza, "Barua ilikuja lini?" Akajijibu mwenyewe kwa Kisukuma, anahesabu kwa vidole vyake, ikatoka zaidi ya miezi miwili. Kisha akapiga yowe, na wanawake wote wakapiga yowe, na barua ikaanguka mkekani haijaisha.

Aliondoka na treni iliyofuata, na ujauzito wake mkubwa. Nilimfuata stesheni, nikataka kumbebea mzigo. Akasema neno moja tu, "Baki."

Nikabaki. Nilifikiri ukiungama unapata amani papo hapo, kama watu wanavyoshuhudia. Mimi sikuipata hivyo! Watu walinong'ona nikipita. Asubuhi walikwenda kusali kwa mwinjilisti, wanapita mbele ya nyumba yangu na majembe. Nilizunguka, nikafagia, nikaomba: Bwana, amkute hai. Amkute hai tu. Na katika kuzunguka huko nikajikuta mlangoni kwa mke wa mwinjilisti, nikamwambia, nifundishe. Hakunicheka, Mungu ambariki! Alichukua mkaa, akaniandikia "a" kwenye ubao wa mlango wake wa jiko. Mtu mzima, nina wajukuu, nakariri a e i o u huku mbuzi wananitazama.

Mama Shija alirudi baada ya wiki nyingi. Alishuka kwenye treni na mtoto mchanga mgongoni, na kichwa kimenyolewa. Nilipoona kile kichwa sikuwa na haja ya kuuliza. Baadaye wengine waliniambia: alikuta kaburi la wiki tatu. Fikirini, ndugu zangu. Wiki tatu! Angepanda treni siku ile barua ilipokuja, angemkuta mama yake anaongea.

Msimu mzima hakunisalimia. Kosa la kalamu linafutwa, hili langu lilikuwa limezikwa.

Kisha siku moja ya mavuno ya mpunga, jua liko utosini, nimekaa napepeta, namwona anakuja, mtoto mgongoni. Akasimama mbele yangu. Akatoa barua kifuani.

"Wanasema siku hizi unajua."

"Kidogo."

"Soma."

Nikamwambia, mpelekee mke wa mwinjilisti, atasoma vizuri. Akasema, "Wewe ndiye ulinisomea uongo. Wewe unisomee ukweli. Yote. Siku ile haikuisha."

Ndugu zangu, nilisoma. Silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye neno "mama" nilikwama, si kwa kutolijua. Jasho linatoka, pepeto liko chini, kuku wanakula mpunga wangu, sijali. Nikapita pale anaumwa, pale njoo. Nikafika chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, kwa sababu ya yale mayowe. Palikuwa na mistari miwili imebanwa pembeni.

Nikasoma: "Mama anasema, safari ikikushinda usijilaumu, njia ni ndefu. Anasema ukizaa msichana, umpe jina lake."

Mama Shija akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia."

Nikarudia mara ya tatu, na safari hii sikukwama popote. Akamfungua yule mtoto mgongoni. Alikuwa msichana, alizaliwa njiani akirudi, kaka yake hakumwona, na tangu azaliwe walimwita jina jingine. Akamwangalia usoni, akamwita, "Minza." Mtoto akageuza macho. Akamwita tena, "Minza, mayu!" Akalia, nami nikalia, na akanipa mtoto nimshike ili afunge vizuri kanga yake.

Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajalitamka, nami simwombi alitamke. Lakini kesho yake asubuhi alikuja kusali kwangu.

Yesu asifiwe! Sitawaambia kwamba nimetulia. Kuna siku bado nafagia uwanja mara mbili. Yule mama aliyekufa sikumrudishia mwanawe, na nitalijibu hilo mbele za Mungu. Lakini ninamshukuru Bwana aliyenivua miwani ya mtu mwingine mbele ya watu wote, maana peke yangu nisingeivua kamwe. Na ninamshukuru kwamba ukweli, hata ulipochelewa, ulikuwa na kitu cha kumpa Mama Shija ambacho uongo wangu mtamu haukuwa nacho.

Ndugu yangu uliyekaa hapo na jambo lako, unalolibeba kama mimi na kulifunika kwa sifa za watu, mwamini Yesu nalo leo. Sikuahidi kwamba haitauma. Itauma! Lakini mwambie, na mwambie na yule uliyemkosea, kabla treni nyingine haijaondoka.

Sasa mchungaji ameniomba niwasomee tafakari ya leo. Kitabu hiki ni chenu, sijawahi kukiona, na somo hili sijalisikia popote. Nitasoma polepole. Nikikwama, msinisaidie. Ningojeni.