Kiarabu cha Kike

Ndugu zangu wa chama, mnataka kuwapeleka vijana wenu kwa wakala aliyenipeleka mimi Saudia. Basi nisikieni kwanza. Atakayenuna na anune.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Kiarabu nilifundishiwa Nairobi kwa wakala huyo, chumba kimoja na wasichana wa kazi za nyumbani. Mwalimu anasema, sisi tunarudia mpaka koo linakauka. "Ana jahiza," niko tayari. "Ana mariida," mimi mgonjwa. Ukiuliza swali anafoka: "Rudia, mzee, usifikirie." Nikarudia.

Riyadh nilikuwa dereva wa familia. Siku ya kwanza nikamwambia madam, "Ana jahiza." Watoto wakaanguka kwa kicheko. Tangu hapo wageni wakija naitwa niseme tu, wacheke. Hakuna aliyeniambia wanachekea nini.

Halafu nikaanza kukojoa damu. Nawaambia, kiuno kiliniuma nikatamani kufa. Nikamwendea kafili, yaani tajiri wangu, mume wa madam: "Ana mariida." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Yalla, sayara." Haya, kwenye gari. Nikaingia garini nimejikunja, nikawaendesha hivyo hivyo hadi likizo yao ya Jeddah.

Huko Jeddah, mtaa wa Sharafiya, nikaingia mkahawani kupumzika. Mwenyewe, mtu mzima, akaniuliza kwa Kiarabu nina nini. Nikamjibu nilivyofundishwa, kisha nikaguna, "Mama yangu, nakufa." Kumbe ni Mzanzibari.

"Bwana wee, kakusomesha nani? Hayo maneno ya mwanamke."

"Neno nalo lina mwanamke?"

"Kwa Waarabu linalo. Wewe dume zima, sema mariid. Haya."

"Mariida."

"Ikate hiyo a, bwana. Tena."

Alinirudisha na kunirudisha mpaka wateja wakawa wanaitikia pamoja nasi.

Nikaenda kusimama mbele ya kafili, wima. "Ana mariid. Mustashfa." Yaani hospitali. Hakucheka. Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona, akachukua ufunguo akaendesha yeye. Wakanitoa jiwe kwenye figo. Daktari alisema ningekawia, figo lingekufa.

Namshukuru Mzanzibari yule. Alinipa chai na hakunicheka. Wakala simshukuru ng'o.

Kurudia sikukatazi, ndiko kunakoingiza lugha kichwani. Lakini kijana aambiwe neno ni la nani, na linasemwa na nani. Wakala akitaka vijana wetu, mwalimu wake aje afundishe hapa, mbele yetu, na aulizwe maswali. Akikataa, hapati hata mmoja. Anayenipinga asimame sasa, aseme nikimwona uso.