Filamu Aliyokwenda Nayo Abner Mombasa

Mgeni wetu rasmi, Bwana D.O., machifu, wazee na akina mama wa Kebirigo, hamjambo.

KARIBU

Karibu, keti. Risala hii tumeiandika mara tatu, mara mbili tukaichana. Tumechoka kuibeba.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 1968, wapiga picha wanne na pazia moja la studio lenye maua. Wateja wakachoshwa na maua, wakataka bahari. Basi mwaka 1972 tukamtuma mwenzetu, Abner Ondieki, Mombasa, akapige picha mnara wa kale wa kuongozea meli, tuuchore kwenye pazia jipya.

MAFANIKIO

Pazia hatuna. Tuendelee.

SHIDA

Filamu yetu ni ya picha kumi na mbili, na kwetu haisafishwi mpaka ijae. Ya Abner ilikuwa na picha moja tayari, ya Bibi Kemuma, aliyeikataa kamera maisha yake yote. Siku hiyo alijiketisha mwenyewe, akasema, "Piga upesi kabla sijaghairi." Abner alitaka kuisafisha kwanza. Sisi tukamkatalia: "Kwa picha moja? Wacha hasara, bwana!"

Kule pwani aliupiga mnara picha tano. Askari mmoja akamshika, akidhani anapeleleza bandari. Abner akamsihi, "Afande, usifungue, kuna mama wa watu humo!" Askari akacheka, akafungua kamera juani, akaivuta filamu yote, ikaungua kwa mwanga.

Abner aliporudi, Bibi Kemuma alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Binti yake, Bonareri, akaja mbio studio kuulizia picha, maana nyingine hana. Abner akasema, "Bado iko Mombasa, inasafishwa." Ole wetu! Uongo ule una miaka miwili sasa. Kila siku ya soko Bonareri hutuletea ndizi, anauliza, anarudi nyumbani. Abner hajashika kamera tena. Hatumlaumu, kosa ni letu.

OMBI

Hatuombi barabara wala stima. Bonareri ni yule wa kitambaa cha kijani, mstari wa mbele. Kiswahili hakisikii. Anatabasamu kila tukimtaja kwa sababu anadhani picha imefika. Mnaoelewa, tafadhali nyamazeni kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki, tunajua, lakini nani amwambie? Bwana D.O., tunaomba umwite umwambie kweli, mkalimani atafsiri. Abner atasimama kando ya Bonareri.

Mungu akupe maneno ambayo sisi tumeyakosa.

Ni sisi,
Umoja wa Wapiga Picha, Kebirigo, 1974.