Ini la Taratibu, Moyo wa Taratibu

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha viatu, katikati ya saluni ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na aliyekaa mwishoni lazima amwambie mwenzake kabla hajainuka, la sivyo mwenzake yuko chini. Mimi ndiye fundi viatu, wananiita Soli. Kinyozi ni Redio, kwa sababu hazimiki. Fundi umeme ni Waya. Wa nne ni dereva wa basi la shule, mtu wa makamo, tunamwita Taratibu kwa namna anavyoendesha: wazazi wanampendea hilo, na madereva wenzake wanampigia honi kwa hilohilo. Redio amemwoa dada ya huyu Taratibu, kwa hiyo wale wawili hawaachani wala hawaelewani. Kahawa ni ya Mama Birika, mwenye jiko lake hapo pembeni. Siku hiyo Taratibu alikuja saa ambayo kwa kawaida yuko barabarani na watoto.

— Leo basi liko wapi? — nikamuuliza.

— Liko shuleni. Natoka hospitali.

Waya akamsogezea kikombe.

— Unaumwa?

— Si unajua shule inatupima madereva kila mwaka. Macho, presha, sukari, damu. Safari hii damu imerudi na maneno. Vimeng'enya vya ini viko juu.

Redio alikuwa na mteja ndani. Akatoka mlangoni na mashine mkononi.

— Vimefanyaje?

— Ni vitu vinavyokaa ndani ya ini. Ini likisumbuka vinavuja, vinaonekana kwenye damu. Ndivyo daktari alivyonieleza.

— Basi unakunywa kwa siri. Shemeji, sema tu, hapa tuko wenyewe.

— Sijawahi hata kuonja, na mkeo anajua. Daktari naye aliniuliza hivyohivyo. Nilipokataa, akasema ini linaweza kujaa mafuta hata kwa mtu asiyekunywa, hasa mwenye tumbo na kazi ya kukaa.

Tukaliangalia tumbo lake. Hakuna aliyebisha.

— Sasa si rahisi? — Waya akasema. — Punguza kukaanga, tembea kwa miguu, mambo yamekwisha.

— Hapo kwenye ini sina wasiwasi. Ni moyo.

— Moyo umeingiaje hapo?

— Anasema baadhi ya watu wenye ini la namna hii hukutwa pia na moyo unaopiga ovyo, bila mpangilio. Si lazima niwe mmoja wao. Lakini ameniuliza maswali, majibu yangu hakuyapenda. Anataka nibandikwe waya kifuani, waone moyo unavyopiga. Leo hii, kabla hawajafunga chumba.

— Na wewe uko hapa, — nikasema.

— Na mimi niko hapa.

Redio akakaa. Mteja wake alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, tunamwona kwenye kioo, lakini Redio akishapata mada mteja husubiri.

— Niambie, ini na moyo vinajuana wapi? Kila kimoja kina chumba chake. Ila mimi nimeshaelewa. Ini ni chujio. Chujio likiziba, damu inapita na takataka zake, zinafika kwenye moyo, moyo unakwama, unakohoa. Ndiyo hayo mapigo. Dawa yake ni kuzibua. Maji ya moto na ndimu, asubuhi.

— Chujio gani? — Waya akasema. — Hujasikia mtu anaambiwa habari za waya? Hilo ni suala la umeme. Moyo una umeme wake mdogo. Ini ni kubwa, lina maji mengi, limekaa karibu. Likivuja, linapiga shoti. Mtu kama huyo anatakiwa avue viatu, akanyage udongo, umeme uliozidi ushuke.

— Unataka dereva aendeshe pekupeku?

— Bora pekupeku kuliko shoti.

Redio hakubali kupitwa. Akaweka mashine yake juu ya benchi.

— Basi niwape lenyewe. Huyu amekalia injini miaka mingapi? Na lile basi bovu, sote tunalisikia likipita, linakosakosa mlio. Mwili hujifunza. Moyo umeiga injini. Mkimpa basi jipya, moyo utanyooka na ini litafuata.

Mama Birika akacheka, akamimina.

— Nyinyi mmepasua mtu lini mkaona hayo yote?

— Mama, sisi tunamsaidia mwenzetu.

— Mwenzenu mwenyewe hajamaliza kusema. Mwangalieni.

Kweli, Taratibu alikuwa amekishika kikombe bila kunywa. Akazungumza polepole, macho yako barabarani.

— Wiki iliyopita nilikuwa na watoto ndani. Moyo ukaanza kurukaruka, kama kuku ndani ya gunia. Macho yakaingia giza pembeni. Nikawasha taa ya kuegesha, nikatoka barabarani, nikazima gari. Nikawaambia watoto kwamba nasikiliza injini. Wakanyamaza wote, wakasikiliza injini iliyozimwa. Kisha mtoto wa kiti cha mbele akaniuliza, mjomba, mbona unalia. Nikamwambia silii, ni jasho.

Mama Birika akaweka birika chini.

— Ulimwambia nani? — nikamuuliza.

— Sikumwambia mtu. Ilitulia, nikaondoa gari. Kesho yake nikaendesha tena. Na kesho yake.

— Sikiliza, shemeji, — Redio akasema, na sauti yake haikuwa ile ya benchi. — Ukienda wakaikuta hiyo kitu, usukani hushiki tena. Wewe hujui kazi nyingine. Hata dada yako niliyemwoa mimi anakutegemea, na mama yenu pia. Nenda nyumbani, lala, kunywa hiyo ndimu. Mwezi ujao rudia damu. Pengine ni mashine yao.

— Pengine, — Taratibu akasema.

Hapo akaja mwanamke mmoja, simjui, kandambili yake imekatika kamba. Akanipa, akasimama kwa mguu mmoja, mkono ameegemea mlango wangu. Nikaingiza sindano. Wale wawili wakarudia chujio na shoti, sasa kwa sauti ya chini, kama watu wanaobishana msibani. Yule mwanamke akasikiliza mpaka akachoka.

— Samahani, kaka zangu. Nimesikia tu. Huo moyo wenyewe, sasa hivi unapigaje?

Waya akanitazama mimi. Tulikuwa tumelizungumza ini la mtu na injini ya mtu, na mtu mwenyewe amekaa hapa nasi, na hakuna aliyemshika hata mkono.

Nikaweka kandambili chini, nikamshika Taratibu kifundo cha mkono. Vidole vyangu vimezoea kutafuta mahali uzi ulipolegea. Nilitegemea mapigo yaende kama cherehani, moja baada ya jingine. Nikapata mawili ya haraka, halafu pengo, halafu moja zito, halafu matatu yanayokimbizana. Nikangoja yatulie. Hayakutulia.

— Unasikia nini? — Waya akauliza.

— Mimi si daktari. Lakini hayana mstari.

Taratibu akautoa mkono wake polepole. Akaniambia anainuka, nikajishikilia, akainuka.

— Nilikuja hapa ili mnizuie, — akasema. — Mmejitahidi. Nakwenda.

— Nakusindikiza, — Redio akasema.

— Na mteja wako?

— Kichwa hakikimbii.

Waliondoka pamoja, Redio na aproni yake yenye nywele.

Walimbandika hizo waya, na karatasi ikatoka na milima kama iliyochorwa na mtoto bila kutazama. Daktari akamwambia moyo unapiga bila mpangilio, na hatari kubwa ni damu kutuama ndani yake, ikaganda, ikapanda kichwani na kuleta kiharusi. Akampa dawa ya kuzuia damu isigande na nyingine ya kutuliza mapigo. Redio, kama mnavyomjua, aliuliza kama ni ini lililouharibu moyo. Daktari akasema hawezi kuapa hivyo. Pengine uzito na presha vimevigusa vyote viwili. Ila bila kile kipimo cha ini, wasingeangalia moyo mapema.

Taratibu alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Akamweleza habari ya siku ile alipoegesha, yote, akaweka funguo mezani. Wamempa kazi ya kuwapandisha na kuwashusha watoto. Anakaa nyuma ya dereva mpya na kumwambia apunguze mwendo. Anatembea kwenda kazini, anameza dawa zake. Kuhusu usukani, daktari amesema wataona. Inamuuma. Hilo halifichi.

Asubuhi moja, kabla Mama Birika hajawasha jiko, Redio alikuja akakaa karibu yangu. Hakufungua saluni. Hakusema neno, na kwa Redio hilo peke yake linatisha. Kisha akakunja mkono wa shati, akauweka mkono wake juu ya goti langu.

— Shika hapa, — akasema. — Usiseme kitu kwanza. Shika tu.