Makofi Niliyopokea Bila Haki

Ndugu zangu, mama zangu, naomba kwanza musipige makofi. Naona wamoja wenu mikono iko tayari. Muiweke chini, musikie kwanza, sababu makofi yenu ya mara ile sikukuwa na haki nayo, na ile njo imenisimamisha hapa leo.

Munanijua. Mimi ni ule mutoto anayekaa na mujomba wake hapa mutaani Rwambuzi, tangu tulikimbia vita ya Djugu. Mujomba ni ndugu ya mama yangu. Alichimba zahabu kule upande wa Iga Barrière miaka mingi, mpaka mugongo ukakataa. Yeye njo alisema nisome informatique, masomo ya ordinateri, kompyuta. Hakujua ni kitu gani. Alisema tu: "Soma kitu yenye watu hawawezi kuchoma." Nikaingia shule moja ya juu hapa mujini.

Kule kuko kundi ya mashindano ya programu. Nieleze pole pole, mama zangu, juu hata miye ilinikawia kuelewa. Wanakupa tatizo. Tuseme mwanamuke iko na magunia ya mahindi, kamio, lori, inabeba magunia fulani, itaenda safari ngapi? Weye unaandika maagizo ambayo ordinateri itafuata ili ipate jibu, si kwa ile hesabu moja, kwa hesabu yoyote. Halafu unatuma kwa internet, kwa mashine iko mbali sana, haikujui wala hauijui. Inajaribu maagizo yako na hesabu zake za kufichwa, kisha inakurudishia neno: imekubaliwa, ao jibu baya. Makosa iko wapi, haikuambii.

Kundi ilikuwa na ordinateri sita na umeme wa jua, na siye tulikuwa wengi kupita. Asistan, ule mwalimu musaidizi aliyetuongoza, akasema wazi: siku ya mashindano ikifika, mwenye hajapata hata "imekubaliwa" moja ataachia mwengine kiti. Na miye, nje ya kile kiti, sikukuwa na fasi ingine ya kugusa ordinateri. Kuachia kiti ilikuwa kuachia masomo. Nilijua vile tangu mwanzo.

Nikaanza na tatizo ya magunia, ile nyepesi kabisa. Nikatuma. Jibu baya. Nikasoma tena, nikabadilisha hapa na pale, nikatuma. Jibu baya. Wiki mbili, ndugu zangu, tatizo moja. Wenzangu wanasonga mbele, wanagongana mikono, miye nafunika écran, kioo ya ordinateri, na kitenge yangu ili mutu asione. Asistan akipita karibu, nafanya sawa naandika. Nilikuwa najisemea: weye ni mutoto wa kukimbia, umepoteza miaka ya masomo, kichwa yako haikutengenezwa kwa mambo ile. Nilichoka namna sijachoka hata kwenye shamba.

Mwisho wa zile wiki mbili, mangaribi, mujomba akaanza kuniuliza: "Ile mashine yako, imekubali?" Siku ya kwanza nikasema bado. Siku ya pili bado. Siku ya tatu niliangalia uso wake, uso wa mutu amelala siku muzima sababu ya mugongo na bado anakuuliza habari zako. Nikasema: "Ndiyo, mujomba. Imekubali."

Munakumbuka ile jumamosi. Mujomba alisimama hapa hapa, mu mukutano yetu ya kila jumamosi, akamushukuru Mungu juu mutoto wake anashinda kule kwa mashine. Mukapiga makofi. Mama mumoja akaja kunifunga kitambaa yake shingoni. Nilicheka na nyinyi.

Kisha ile, nikaacha kwenda. Asubui natoka na kaye yangu, daftari ya masomo, naenda kukaa sokoni nyuma ya wauza ndizi mpaka saa sita, narudi nasema masomo ilikuwa muzuri. Siku nane. Siku ya tisa sikuweza tena. Si kusema nilipata moyo wa nguvu, hapana. Nilichoka tu kubeba ule uongo. Mujomba alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mulangoni. Nikakaa karibu yake, nikasema: "Mujomba, mashine haijakubali hata siku moja. Na kule nimeacha kwenda."

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema: "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Yenye unaandikiaka mashine. Si iko mu kaye?"

Nikafungua, nikamusomea namna niliiandika. Mwanzo: Bonjour, tafazali ingiza hesabu ya magunia. Kisha: Asante, sasa ingiza yenye kamio inabeba. Mwisho, tuseme hesabu imetoka saba: Jibu ni saba, merci na siku njema. Munacheka? Kule shule ya secondaire, mwalimu wetu alitufundisha kwenye ubao, bila ordinateri, kwamba programu yenye adabu inasalimia mutu. Usiposalimia, anakukata points. Na siye munatujua. Utaingia kwa mutu umuombe kitu bila salamu?

Mujomba akaacha sombe. "Na ule mwenye kuuliza, alitaka nini?"

"Hesabu tu. Safari ngapi."

"Sasa maneno yote ile unamupa ya nini?" Akaanza kucheka, akashika mugongo, akacheka tena. "Mutoto wangu, ile ni mizani. Kwenye mizani siye tuliweka zahabu peke yake. Ukileta zahabu na muchanga, wanakurudishia vyote. Si kusema zahabu haikukuwa mule."

Nikamuambia haiwezi kuwa kitu kidogo vile. Akasema: "Kesho uende uulize. Uulize na kinywa yako, usifunike kitu."

Nikaenda. Ilikuwa inabakia siku tatu tu, kiti yangu karibu wampe mwengine. Nikamuita asistan, nikatoa kitenge juu ya écran. Aliangalia dakika moja, haikupita. "Futa salamu zote," akasema. "Acha jibu peke yake." Nikafuta maneno ya ile mistari mitatu, nikaacha hesabu peke yake, nikatuma. Imekubaliwa.

Hesabu yangu ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, ndugu zangu. Tangu siku ya kwanza. Sikuruka, sikuimba. Nililaza kichwa juu ya meza nikalia, uchovu na hasira pamoja, juu wiki zote zile nilijitukana bure. Asistan akaniuliza: "Juu ya nini haukuuliza mbele?"

Kwenye mashindano walitupa matatizo matano. Nilipata moja. Nilikuwa karibu ya mwisho, nisiwafiche. Tatizo ingine nimeituma tena mara kumi na moja tangu pale, na mpaka jana inanikatalia. Kuchoka niko bado nachoka. Lakini kitenge nimeirudisha kiunoni, na nikishindwa naita mutu.

Namushukuru asistan, hakunicheka. Nawashukuru nyinyi wote munaonipokea kila jumamosi bila kuniuliza maswali mengi. Na mwenye iko hapa na kitu anafunika, nitamuambia neno moja tu: muonyeshe mutu. Hata mutu asiyejua kazi yako. Labda kilichokuangusha ni mistari mitatu.

Mama, kitambaa yako njo hii. Nilikuja kukurudishia. Unakataa na kichwa? Basi nitaishika mukononi mpaka nimalize.

Mujomba alijua kweli tangu ile siku ya sombe, na hakuja hapa mbele yenu kuondoa neno lake. Jana nilimuuliza juu ya nini. Akaniambia: "Nilikuwa nangojea uende mwenyewe."

Nimekuja, mujomba. Mashine imekubali. Mara moja tu, lakini imekubali. Sasa mwenye kutaka kupiga makofi, apige.