Bi Eufemia na Ukuta wa San Isidro

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Bi Eufemia Archuleta, tuliyemzika Jumanne hapa Las Cejitas. Niwaombe radhi mapema. Kumbukumbu hii inatutia aibu, na mimi sitaipunguza.

Eufemia alikuwa mtunza kanisa letu la San Isidro. Kuta zake ni matofali mabichi ya udongo, mnazijua. Kila kiangazi lazima zikandikwe upya. Wanaume wanakanyaga tope na mabua, wanawake wanapaka kwa viganja, na mgongo unauma mpaka Krismasi. Eufemia ndiye aliyeleta wazo la dawa ya kuzuia maji. Unapulizia ukutani, mvua inateleza, habari ya kukandika imekwisha. Tukapiga kura. Mikono ikainuka, yote.

Mvua ya Agosti ikateleza kweli. Tukamsifu Eufemia, tukamchomea kondoo.

Lakini ukuta wa udongo hunywa maji kutoka chini pia, theluji inapoyeyuka. Zamani maji hayo yalitoka yenyewe kupitia ukutani, yakakauka. Sasa dawa iliyafungia ndani. Theluji ya mwaka mmoja ilipoyeyuka, ukuta wa nyuma ya altare ukavimba. Dawa ikabanduka kama ngozi ya plastiki, na udongo wa ndani ulikuwa uji mtupu. Ukaporomoka. Sanamu ya San Isidro tuliitoa tumeifunga blanketi.

Hakuna aliyeumia, ila Eufemia. Tulimbandika jina, Bi Plastiki. Watoto walilisikia kwetu. Akarudisha funguo za kanisa. Tangu hapo alisikiliza Misa akiwa nje, ndani ya gari lake, kioo amekishusha, hata kwenye baridi kali.

Tulipoujenga upya ukuta na kurudi kukandika, alikuja na aproni yake. Akaomba kipande kidogo tu, upande wa makaburini. Wifi yake, Bi Plácida, akamjibu mbele ya watu:

"Wewe wifi tuletee maharage. Ukuta tuachie wenyewe."

Wanawake wakacheka. Eufemia akaenda, akarudi na maharage na pilipili za kuchoma. Kila kiangazi alileta. Kila kiangazi tulikula.

Juzi, msibani, Plácida alisimama bila kuombwa.

"Siku ile ya kura, wa kwanza kuinua mkono ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimechoka na tope. Ukuta ulipoanguka niliogopa mtakumbuka. Nikaona heri nimcheke yeye kabla hamjanigeukia mimi."

 Kila mtu aliangalia viatu vyake.

Poleni sana, Fidel mwanawe na ukoo mzima wa Archuleta. Mama yenu alitupenda kuliko tulivyostahili. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu amekaa nje kwa sababu yako, usingoje msiba. Nenda leo.

Jumanne, wasikilizaji wapendwa, Eufemia aliingia kanisani. Tulimfungulia milango yote miwili, tukambeba mabegani. Miaka yote ile aliegesha gari mbele ya milango hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kumwambia, "Bi Eufemia, ingia ndani, kuna baridi."