Neno Lililochongwa Mlangoni: Maisha ya Mwalimu Edgar Mwaipopo

Mwalimu Edgar Mwaipopo alizaliwa Kyela tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga. Alisoma seminari, akatoka bila upadre lakini na Kilatini kichwani, akakifundisha huko huko tangu 1972 hadi 2003. Mwaka 1976 alimwoa Tupokigwe, ambaye mpaka leo husema alichumbiwa kwa barua iliyohitaji mkalimani.

Walihamia Boko mwaka 2004. Miaka miwili baadaye kigango chetu kilijenga kanisa, na mchongaji kutoka Newala, Mzee Wilfred Nandonde, akapewa kazi ya mlango. Mwalimu alimwandikia kwenye karatasi maneno ya kuchonga: domus meus, nyumba yangu.

Neno hilo, domus, limetoka kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kujenga. Linaishia na -us kama nomino nyingi za jinsia ya kiume, ila lenyewe ni la kike, na kivumishi lazima kilifuate: domus mea. "Msidanganyike na mkia wa neno," aliwaambia wanafunzi, na waliokosea aliwachapa. Siku ile kalamu ikamponyoka yeye.

Siku ya kutabaruku kanisa, padre mgeni alisoma mlango akacheka. Wazee wa kanisa wakamgeukia mchongaji.

"Huyu hajasoma, kakosea kunakili."

Mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo. Hakufungua mdomo. Mzee Wilfred alikuwa ameshaitupa ile karatasi ya Mwalimu pamoja na maranda, akakosa cha kujitetea. Hakupewa tena kazi, hapa wala vigango vya jirani. Tangu hapo Mwalimu aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni. Mkewe akadhani ni ngazi zinamsumbua.

Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa. Aprili mwaka huu alimwomba bintiye, Sekela, ampeleke Temeke kwa Mzee Wilfred.

"Ile karatasi niliikosea mie," alisema.

"Miaka kumi na tisa, Mwalimu! Unaniambia leo, ukiwa unaumwa?"

"Niliona aibu."

"Na mie je?"

Mzee Wilfred alimmiminia chai, akamshika mkono hadi kwenye gari. Neno la msamaha hakulitoa. Njiani Mwalimu alimwambia Sekela, "Siku ya kunizika lisomwe hili. Waliosikia uongo wausikie na ukweli."

Alifariki tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mjane, watoto wawili, Sekela na Isack, na wajukuu watano. Mzee Wilfred yuko hapa nasi. Familia inamshukuru kwa kuja, na haimdai jibu.

Mungu ampe Mwalimu Edgar pumziko alilolikosa.